UZI: Akiba ya mafuta, gesi na makaa ya mawe duniani iko wapi, na zile namba zina maana gani

Mwamba_Mama

Habari zenu wakuu.

Kuna mabishano nimeyasoma humu jukwaani yakanikosesha raha. Mmoja alisema Venezuela ndiyo nchi yenye mafuta mengi kuliko zote. Wa pili akamjia juu kwamba ni Saudi Arabia. Wa tatu akaleta takwimu zinazoonyesha Marekani inaongoza. Kurasa kadhaa zikaisha kwa kutupiana maneno, na aliyeuliza swali la mwanzo akaondoka bila jibu. Wote watatu walikuwa na ukweli mkononi. Wa kwanza alihesabu kilichoandikwa kwenye vitabu vya akiba, wa pili alifikiria mafuta yanayotoka ardhini kwa urahisi, wa tatu alihesabu mapipa yanayozalishwa kila siku.

Nilisoma jiolojia na mada hii naipenda, kwa hiyo naomba twende taratibu. Tuanze na neno lenyewe, akiba.

Mafuta hayakai chini kwa chini kama ziwa, ingawa wengi tunayachora hivyo kichwani. Yamo ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, kama maji yaliyomo ndani ya mchanga uliolowa. Ukitoboa kisima, sehemu kubwa inabaki imeng'ang'ania mwamba. Kwa wastani kinachotoka ni kama theluthi moja tu ya kilichomo. Katika hicho kinachoweza kutoka, unaondoa ambacho gharama ya kukitoa inazidi bei ya soko, unaondoa ambacho sheria hairuhusu kichimbwe, unaondoa ambacho hakuna kisima kilichokithibitisha. Kinachobaki ndicho akiba iliyothibitishwa. Wataalamu wanaikadiria kwa uhakika wa angalau asilimia 90, kwa teknolojia iliyopo na hali ya uchumi iliyopo.

Kwa hiyo akiba inaweza kuongezeka bila tone hata moja kuongezeka ardhini, na inaweza kupungua bila mtu kuchimba. Naomba hilo tulishike, tutalirudia.

Sasa namba. Takwimu za kampuni ya BP za mwishoni mwa 2020, ambazo watafiti wengi wamezitumia, zinaweka akiba ya mafuta ya dunia kwenye mapipa trilioni 1.7 hivi (pipa moja ni lita 159). Venezuela ina bilioni 304, Saudi Arabia 298, Kanada 168, Iran 158, Iraki 145, Urusi 108, Kuwait 102, Falme za Kiarabu 98, Marekani 69, Libya 48, Nigeria 37. Mashariki ya Kati peke yake ina asilimia 48 ya yote.

Naweka kituo hapa, gesi na makaa ya mawe vinakuja. Maswali karibuni.

Nahodha77

Mkuu nimekaa mkao wa kusoma. Swali langu ni la siku nyingi na sijawahi kupata wa kunijibu vizuri: kwa nini Ghuba? Jangwa liko sehemu nyingi duniani, kwa nini mafuta yajazane pale tu?

Mwamba_Mama

Nahodha, jangwa halihusiki kabisa. Jangwa ni la juzi ukilinganisha na mafuta. Pale palikuwa bahari.

Ili mafuta yapatikane vinahitajika vitu vinne, na vyote vikutane mahali pamoja kwa mpangilio sahihi wa wakati. Kwanza mwamba mama: tope la chini ya bahari lililojaa mabaki ya viumbe vidogo, hasa mwani na planktoni, waliozama mahali pasipo na oksijeni wakazikwa kabla ya kuoza. Tope hilo likifukiwa kilomita mbili hadi nne chini, joto likafika nyuzi 60 hadi 120 hivi, mabaki yanageuka mafuta. Likizidi hapo, mafuta yanavunjika yanakuwa gesi. Likipungua, hupati kitu. Pili, mwamba hifadhi wenye vitundu, mara nyingi mawe ya chokaa au mawe mchanga, ambamo mafuta yanaingia yakipanda juu, maana ni mepesi kuliko maji. Tatu, kifuniko kisichopitisha, na hakuna kifuniko kizuri kama chumvi na jamii yake. Nne, mtego, yaani umbo la mwamba linalokusanya mafuta mahali pamoja, kama bakuli lililofunikwa kifudifudi.

Kwa mamia ya mamilioni ya miaka, ukingo wa bamba la Arabuni (bamba ni kipande kikubwa cha ganda la dunia kinachosogea) ulikuwa sakafu pana ya bahari isiyo na kina kirefu, pembeni ya bahari ya kale iitwayo Tethys, katika maeneo ya joto karibu na ikweta. Viumbe walistawi. Bahari ikipanda liliwekwa tope la mwamba mama, ikipungua liliwekwa tabaka la chokaa, ikikauka liliachwa tabaka la chumvi na anhidraiti, madini ya jamii ya chumvi. Kisha mzunguko unaanza upya. Mwamba mama, hifadhi na kifuniko vilipangwa kimoja juu ya kingine mara nyingi, kwenye eneo kubwa mno.

Baadaye bamba hilo likaligonga bara la Asia, milima ya Zagros ikainuka upande wa Iran. Upande wa Arabuni tabaka zilipindwa kwa upole tu. Huo upole ndio uliookoa mali. Mwamba ukipindwa kwa nguvu unapasuka, kifuniko kinavuja, mafuta yanapotea juu.

Matokeo yake ni uwanja wa mafuta wa Ghawar, Saudi Arabia, uliogunduliwa 1948: mtego mmoja wenye urefu wa kilomita 280 hivi na upana wa kama 30. Hakuna uwanja mwingine wa mafuta ya kawaida unaoufikia. Burgan wa Kuwait ulipatikana 1938. Safaniya, mkubwa kuliko wote ulio baharini, 1951. Na kisima cha kwanza cha kibiashara katika eneo lote kilichimbwa Masjed Soleyman, Iran, mwaka 1908, kwa sababu kule mafuta yalikuwa yakichuruzika yenyewe juu ya ardhi na watu waliyajua tangu kale.

Tafakuri

Basi kama Ghuba ndiyo imebarikiwa hivyo, Venezuela imeipitaje Saudi Arabia kwenye orodha? Na kama wameipita mbona hali yao haifanani?

Mwamba_Mama

Hapo ndipo penyewe.

Mafuta mengi ya Venezuela yako kwenye ukanda wa mto Orinoco. Yalizaliwa kaskazini, kwenye miamba iliyozama chini ya milima, yakasafiri kuelekea kusini kupitia mawe mchanga hadi karibu na uso wa ardhi. Kule juu yakakutana na bakteria. Bakteria hula sehemu nyepesi za mafuta na kuacha zile nzito, pamoja na salfa na metali. Kilichobaki ni kitu kizito kama asali iliyoganda, kingine uzito wake unakaribia wa maji au kuuzidi. Kukitoa, kukipitisha kwenye bomba na kukisafisha kunahitaji mvuke, mafuta mepesi ya kuchanganyia, mitambo maalumu ya kukiboresha, na fedha nyingi ya mtaji.

Ukanda huo ulijulikana tangu miaka ya 1930. Haukuhesabiwa kuwa akiba. Bei ya mafuta ilipopanda sana katika miaka ya 2000, serikali ilifanya tathmini mpya na kuuingiza kwenye vitabu, na ndipo nchi ikaruka hadi nafasi ya kwanza karibu na 2010. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Venezuela ilizalisha zaidi ya mapipa milioni 3 kwa siku. Mwaka 2020 ilikuwa chini ya milioni 1. Yaani akiba iliyoandikwa ilipanda huku uzalishaji ukishuka, katika nchi ileile, ndani ya kizazi kimoja. Uongozi wa shirika la taifa la mafuta, uwekezaji uliokauka na vikwazo vyote vimechangia, lakini aina ya mafuta yenyewe ndiyo iliyofanya kila kosa liwe ghali zaidi. Kisima cha mafuta mepesi kinavumilia uzembe kwa muda, kitu kizito kinachohitaji mitambo na vimiminika kila siku hakivumilii.

Kanada ni pacha wake, na inanishangaza kila ninapoitazama ramani. Mafuta yalizaliwa chini kabisa pembezoni mwa Milima ya Rocky, yakasafiri kuelekea mashariki na kaskazini hadi karibu na uso wa ardhi huko Alberta, bakteria wakayala, ikabaki lami iliyochanganyika na mchanga. Eneo kuu linaitwa Athabasca. Wataalamu husema asilimia 20 hivi tu inaweza kuchotwa kwa mashine kama machimbo ya wazi. Iliyobaki lazima ipashwe moto kwa mvuke huko huko chini ndipo itiririke. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mchanga huo wa lami ulipokubaliwa kuhesabiwa, akiba ya Kanada iliruka kutoka takriban mapipa bilioni 5 hadi bilioni 180.

Kisima_Kirefu

Mwamba_Mama umeeleza vizuri jiolojia, ila umewaachia Ghuba wapite bila kuulizwa. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya kuchimba kwa miaka mingi, na sisi tunajua namba zao zina historia.

Katikati ya miaka ya 1980 OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, ilikuwa ikivutana kuhusu nani azalishe kiasi gani, na akiba ilikuwa mojawapo ya hoja za kudai mgao mkubwa. Mwaka 1985 Kuwait ilipandisha akiba yake kwa zaidi ya theluthi. Miaka miwili mitatu baadaye Iran, Iraki, Falme za Kiarabu na Venezuela nao wakapandisha. Saudi Arabia ikafuata kuelekea 1990, kutoka takriban bilioni 170 hadi zaidi ya 250. Hakukuwa na ugunduzi wowote wa ukubwa huo. Tangu hapo namba zinakaa palepale mwaka hadi mwaka ingawa wanachimba mabilioni ya mapipa kila mwaka.

Halafu hiyo 298 ya Saudi uliyoiweka imejumlisha na vimiminika vinavyotoka pamoja na gesi. Mafuta ghafi peke yake wao wenyewe husema kama 267.

Mwamba_Mama

Kisima_Kirefu asante, umenirekebisha kwa haki kwenye hiyo 298, na hiyo historia nilipaswa kuianza mimi.

Niongeze upande wa pili ili msomaji awe na mizani. Kabla nchi hizo hazijataifisha mafuta yao, kampuni za kigeni zilikuwa zikiandika akiba ndogo kwa tahadhari, kwa hiyo sehemu ya ongezeko lile inaweza kuwa marekebisho ya haki. Na Januari 2019 Saudi Arabia ilitangaza matokeo ya ukaguzi wa nje uliofanywa na kampuni ya DeGolyer and MacNaughton, yakaonyesha akiba kubwa kidogo kuliko iliyokuwa ikitangazwa. Hata hivyo nakubaliana nawe. Namba ambayo haishuki wakati bidhaa inatoka kila siku inahitaji maelezo.

Wala si serikali tu. Januari 2004 kampuni ya Shell ililazimika kuondoa mapipa karibu bilioni 4, kama asilimia 20, kwenye akiba iliyokuwa imeitangaza kuwa imethibitishwa, na mwenyekiti wake akaondoka. Tofauti ni kwamba kampuni iliyoko kwenye soko la hisa ina mdhibiti anayeweza kuiadhibu. Wizara ya nchi haina.

Mjukuu_wa_Mwalimu

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza: Marekani ina bilioni 69 tu, lakini nasikia ndiyo inaongoza kwa kuzalisha. Inawezekanaje?

Mwamba_Mama

Marahaba. Swali zuri sana.

Kumbuka vile vitu vinne. Kwa zaidi ya karne watu walitafuta mafuta yaliyokwisha toka kwenye mwamba mama yakakusanyika mtegoni. Wamarekani wakaamua kuufuata mwamba mama wenyewe, ule wa tope lililogandamana, ambao vitundu vyake vimebana kiasi kwamba mafuta hayatoki hata ukitoboa. Waliunganisha mbinu mbili zilizokuwepo: kisima kinachoshuka wima kisha kinalala mlalo ndani ya tabaka kwa kilomita moja, mbili, hata tatu, na kuupasua mwamba kwa maji yenye mgandamizo mkubwa yaliyochanganywa na mchanga, ule mchanga ukabaki kwenye nyufa kuzizuia zisijifunge. George Mitchell, mfanyabiashara wa gesi wa Texas, na watu wake walihangaika na mbinu hiyo kwenye gesi ya tabaka la mwamba liitwalo Barnett, hukohuko Texas, kwa karibu miaka ishirini kabla haijalipa.

Mwaka 2008 Marekani ilizalisha mapipa milioni 5 ya mafuta ghafi kwa siku. Mwaka 2019 zaidi ya milioni 12. Sehemu kubwa inatoka bonde la Permian, kati ya Texas na New Mexico. Kwa gesi ni tabaka la Marcellus, hasa Pennsylvania.

Lakini kisima cha aina hii kinachoka haraka. Kwa mwaka wa kwanza uzalishaji wake unaweza kuporomoka zaidi ya nusu, kwa hiyo lazima uchimbe vingine bila kupumzika. Ndiyo maana akiba iliyothibitishwa haionekani kubwa: kinachoandikwa ni visima vilivyopo na vile vilivyopangwa kuchimbwa ndani ya miaka mitano. Akiba ya Marekani inafanana na kibarua anayekula alichokipata leo na kesho anatoka tena. Ya Saudi Arabia ni ghala.

Nahodha77

Twende kwenye gesi mkuu.

Mwamba_Mama

Gesi imejibana kwenye nchi chache kuliko mafuta. Dunia ina akiba ya mita za ujazo trilioni 188 hivi. Urusi ina 37, Iran 32, Qatar karibu 25. Nchi tatu, nusu ya dunia. Baada yao kuna pengo kubwa, ndipo inakuja Turkmenistan na Marekani, kila moja na 13 hivi.

Ya Urusi iko kaskazini mwa Siberia Magharibi, kwenye nyanja kama Urengoy, Yamburg na Bovanenkovo, ardhi ambayo sehemu yake imeganda mwaka mzima. Sitakaa sana huko kwa sababu nataka niseme habari ya Iran na Qatar.

Kwenye ramani ya akiba mnaona nchi mbili zenye gesi nyingi. Chini ya bahari ni uwanja mmoja. Upande wa Qatar unaitwa Uwanja wa Kaskazini, upande wa Iran unaitwa South Pars. Una ukubwa wa kilomita za mraba 9,700 hivi, na karibu 6,000 ziko upande wa Qatar. Ndio uwanja mkubwa kuliko wote wa gesi duniani. Mpaka umepita katikati ya maji, mwamba hauujui. Gesi huelekea palipo na mgandamizo mdogo, na mgandamizo hupungua palipochimbwa zaidi. Kwa hiyo anayechelewa anaweza kupoteza kilichokuwa chake bila mtu yeyote kuvuka mpaka.

Qatar iliugundua 1971, wakati huo ulionekana karibu ni hasara, maana walitafuta mafuta wakapata gesi isiyo na mteja wa karibu. Baadaye wakawekeza kwenye mitambo ya kuipoza gesi hadi nyuzi 162 chini ya sifuri igeuke kimiminika na kupakiwa melini. Mwaka 2005 walisimamisha miradi mipya ili kuuchunguza uwanja, wakaondoa zuio hilo 2017, na sasa wanapanua kwa kasi. Iran, ikiwa na vikwazo na ikikosa teknolojia ya kusindika kimiminika, gesi yake nyingi inaitumia ndani ya nchi. Uwanja mmoja na mwamba mmoja, na tazama maisha mawili tofauti yaliyotoka humo.

Kwa nini gesi inahitaji mahali pa namna hii? Kwa sababu molekuli zake ni ndogo na hutoroka kirahisi. Bila kifuniko kizuri kama anhidraiti, ungekuta hifadhi tupu.

Tafakuri

Na mapya? Kila mara tunasikia imegunduliwa gesi huku, mafuta kule.

Mwamba_Mama

Mengi yako chini ya bahari yenye kina kirefu. Brazil mwaka 2006 ilipata uwanja wa Tupi chini ya tabaka nene la chumvi, zaidi ya kilomita 5 chini ya uso wa bahari. Msumbiji, bonde la Rovuma, kuanzia 2010, gesi nyingi sana. Misri, Zohr, 2015. Guyana mwaka huohuo wa 2015, kwenye kitalu cha Stabroek, ambako sasa wanakadiria mapipa zaidi ya bilioni 11. Mpenda jiolojia ataona kwamba Guyana na Brazil ziko kwenye kingo za bahari ileile iliyofunguka Amerika Kusini na Afrika zilipoachana.

Tangazo la ugunduzi likitoka, ulizeni jambo moja: namba hiyo ni ya kilichomo ardhini au ya kinachoweza kutoka? Wanasiasa hupenda ya kwanza kwa sababu ni kubwa.

Mjukuu_wa_Mwalimu

Na makaa ya mawe? Nayo yametokana na bahari?

Mwamba_Mama

Hapana, na ndiyo maana ramani yake ni tofauti kabisa. Makaa yanatokana na mimea ya nchi kavu, hasa ya kwenye vinamasi. Mimea ikaanguka majini, haikuoza sawasawa, ikawa mboji, ikafukiwa, ikabanwa na kupashwa joto. Kwanza inakuwa makaa ya kahawia yenye maji mengi, halafu makaa meusi, na ikibanwa zaidi inakuwa antrasaiti ngumu inayong'aa.

Kwa takwimu hizohizo za 2020, dunia ina tani trilioni 1.07. Marekani 249 bilioni, Urusi 162, Australia 150, China 143, India 111. Hao watano wana robo tatu. Tazama Ghuba: karibu hakuna kitu.

Kuna kipindi kinaitwa Kaboniferasi, kati ya miaka milioni 359 na 299 iliyopita. Amerika Kaskazini na Ulaya zilikuwa zimeungana na kukaa karibu na ikweta, zimefunikwa na misitu ya vinamasi. Makaa ya Appalachia huko Marekani, ya Wales, ya Ruhr huko Ujerumani, ya Silesia huko Poland na ya Donbas huko Ukraine ni mabaki ya ukanda huo mmoja wa kitropiki. Bahari ya Atlantiki ilikuja kuukata baadaye sana. Baada ya hapo, kwenye kipindi cha Permi, ikaja zamu ya bara la kusini, Gondwana, ambalo lilikuwa na hali ya hewa ya baridi: makaa ya India, ya Afrika Kusini na ya mashariki mwa Australia ni ndugu.

Mengine ni machanga. Bonde la Powder River, Wyoming, lina umri wa miaka milioni 60 tu, na tabaka zake nyingine zina unene wa zaidi ya mita 30 karibu kabisa na uso wa ardhi.

Tahadhari na tani: tani si sawa na tani. Ujerumani inaonekana na tani bilioni 36, karibu zote za kahawia. Ya Bonde la Latrobe, Australia, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Ukiyasafirisha mbali unasafirisha maji, ndiyo maana huchomwa palepale yalipochimbwa.

Kisima_Kirefu

Ongeza Uingereza. Mwaka 1913 ilichimba zaidi ya tani milioni 280 na meli nyingi za dunia ziliendeshwa kwa makaa yake. Mgodi wa mwisho wa kina kirefu, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Kwenye orodha ya akiba leo karibu haipo. Makaa bado yako kule chini, tabaka nyembamba na za mbali, hakuna wa kuyalipia.

Nahodha77

Sasa tuambie, imebaki miaka mingapi?

Mwamba_Mama

Ukigawa akiba kwa matumizi ya mwaka unapata kama miaka 50 kwa mafuta, karibu hivyohivyo kwa gesi, na zaidi ya 130 kwa makaa. Lakini mwaka 1980 akiba ya mafuta ilikuwa mapipa bilioni 680 hivi, na hesabu hiyohiyo ilitoa miaka 30 tu. Miaka 30 imepita, tumechimba zaidi ya hayo yote, na akiba iliyobaki ni zaidi ya mara mbili. Ile miaka 50 haitabiri siku ya mwisho. Inaonyesha viwanda vimethibitisha kiasi gani mpaka sasa.

Kikomo kinachonisumbua mimi ni kingine. Mwaka 2015 watafiti McGlade na Ekins walichapisha kwenye jarida la Nature hesabu ya kiasi gani kinaweza kuchomwa ili joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 2. Walikuta theluthi ya mafuta, nusu ya gesi na zaidi ya asilimia 80 ya makaa yaliyomo kwenye akiba lazima yabaki ardhini hadi 2050. Kwa Marekani, Australia na nchi zilizokuwa Umoja wa Kisovieti, makaa ya kubaki yalizidi asilimia 90. Utafiti wa kundi hilohilo mwaka 2021, kwa lengo la nyuzi 1.5, ulifikia asilimia 90 ya makaa na karibu 60 ya mafuta na gesi. Nilipousoma mara ya kwanza niliifungua tena ile orodha ya akiba na sikuweza kuitazama kama zamani.

Tafakuri

Mwanzoni ulisema akiba inaweza kupungua bila mtu kuchimba. Una mfano wa kweli?

Mwamba_Mama

Ninao. Kampuni ya ExxonMobil ina mradi wa mchanga wa lami uitwao Kearl, huko Alberta. Sheria za soko la hisa la Marekani zinataka akiba ihesabiwe kwa wastani wa bei ya miezi 12 iliyopita, inayochukuliwa siku ya kwanza ya kila mwezi. Bei ya 2016 ilikuwa chini sana. Kampuni ilipofunga hesabu za mwaka huo iliondoa mapipa bilioni 3.5 ya Kearl kwenye akiba yake iliyothibitishwa, huku mgodi ukiendelea kufanya kazi kila siku. Bei zilipopona, lami hiyo ikarudishwa vitabuni. Muda wote huo ilikuwa palepale chini ya msitu, imeshikamana na mchanga wake.